Beseni la Shahidi

Siku yangu ya kwanza kazini nilinuswa mikono kabla sijaulizwa jina. Nilikuwa nimetoka Tabata alfajiri, nimeoga kwa sabuni ya kunukia aliyonipa dada yangu mahsusi kwa siku hiyo, na nilipofika kwenye maabara yetu ndogo ya viumbe wa bahari, upande wa Kinondoni, nilijiona bibi harusi. Mkuu wa Maabara, mzee mrefu aliyevaa koti jeupe lililopauka, aliitikia shikamoo yangu, akanyoosha mkono. Nikampa wangu nikidhani ananikaribisha. Akakishika kiganja changu, akakipeleka puani.

"Umenukia vizuri sana," alisema. "Usiingie."

Nilijua nimefukuzwa kazi kabla ya kuianza. Machozi yalikuwa yananilenga wakati mwanamke mmoja mwenye kanga kiunoni aliponivuta mkono hadi nyuma ya jengo, kwenye pipa la maji ya bahari. Huyo ndiye Bi Zuhura, mwosha vyombo wa maabara, mzaliwa wa Kunduchi na mjukuu wa wavuvi. Alinisugua kwa mchanga mpaka viwikoni kama anayesugua sufuria ya ubwabwa ulioungua.

"Huyu mzee hana neno, mdogo wangu," aliniambia. "Anaogopa sabuni tu. Ukikaa hapa na wewe utaiogopa. Mie nilikuwaga nacheka, siku hizi sicheki."

Niwaeleze ninyi vijana kwa nini mtu mzima na shahada zake aogope sabuni. Kazi yetu ilikuwa kupima madhara ya maji machafu yanayoshushwa na mito kwa chaza, kombe na kome, na zaidi madhara ya sabuni ya unga na hii ya maji inayouzwa mitaani kwenye chupa za soda. Ndani yake mna kiini kinachokata mafuta. Ndicho kinachofanya sahani ya pilau iliyolala itoke inang'aa. Sasa chaza anapumua na kula kwa matamvua, ambayo ni utando laini uliofunikwa kwa ute, na utando huo nao una mafuta ndani yake. Sabuni haichagui mafuta ya kuyakata. Samaki akiona maji yanamwasha atahama. Chaza amejigandisha mwambani, anakunywa kila kinachopita mbele yake, na asipotaka kunywa hana la kufanya ila kujifunga na kusubiri. Akichoka kusubiri anafunguka, na maji ni yale yale.

Kipimo chetu kikubwa kilikuwa cha mayai. Tulichukua chaza dume na jike, tukawafungua kwa kisu kifupi, tukachanganya mbegu na mayai ndani ya maji ya bahari kwenye mabeseni ya kioo. Kesho yake asubuhi tunaangalia kwa hadubini. Maji yakiwa mazuri utawaona watoto wa chaza wanazunguka, kila mmoja na gamba lake jipya lenye umbo la herufi D, dogo kuliko punje ya chumvi ya mezani. Maji yakiwa na sabuni, hata kidogo kiasi ambacho ulimi hauonji, mayai hayashiki mbegu, au yakishika mtoto anatoka bila gamba, kinofu kinachotetemeka kidogo halafu kinatulia. Nimewaona wengi wa namna hiyo na sikuzoea mpaka nastaafu.

Katika kila kipimo, beseni moja lilitiwa maji safi yasiyo na shaka, yaliyochotwa kwa boti ya injini nyuma ya fungu, lile tuta la mchanga lililo baharini, mbali mbele ya Kunduchi. Wasomi walikuwa na jina lao la Kizungu; sisi tuliliita beseni la shahidi. Watoto wakifa kwenye maji ya mto na kwa shahidi wakaishi, unajua maji ya mto ndiyo yaliyoua. Wakifa na kwa shahidi, kipimo chote unakimwaga, kwa sababu hujui tena nini kimeua nini. Mkuu wa Maabara alituambia kila mara kwamba shahidi akifa tumtafute mwenye mkono wa sabuni. Ndiyo maana vyombo vilioshwa na mtu mmoja tu, Bi Zuhura, kwa asidi nyepesi na maji yaliyokenekwa, yale ambayo mafundi wa magari huyaita maji ya betri. Sabuni haikuvuka kizingiti cha chumba kile.

Hofu hiyo niliibeba mpaka nyumbani. Wiki ya kipimo sikufua wala kuosha vyombo, na Neema, mwanangu wa kwanza, nepi zake alifua baba yake. Majirani wa Tabata walikuja kuchungulia uani kama waliokatiwa tiketi ya sinema. Mama mkwe wangu alikuwa ameshuka kutoka Same kuja kunisaidia malezi, na jambo hilo lilimkosesha usingizi.

"Nimeishi na wakwe wa kila aina," alimwambia mume wangu, mimi nikisikia. "Mkamwana anayekatazwa kufua na serikali sijapata kumwona. Hebu nenda kaulize vizuri huko kazini kwao."

Tulicheka sana siku zile. Kicheko kilipungua nilipohamishiwa Temeke, kwenye kituo kidogo karibu na mikoko ya Mtoni. Huko kazi haikuwa ya mayai bali ya kuchota maji na kuyapima kwa rangi. Unatia maji ya mto kwenye chupa yenye bomba chini, unaongeza rangi ya buluu na dawa nzito inayozama, unatikisa, unaacha itulie. Kama hakuna sabuni, tabaka la chini linabaki jeupe. Kama ipo, sabuni inaishika rangi na kushuka nayo, na tabaka la chini linageuka buluu. Nilijifunza kuichukia rangi hiyo. Mpaka leo sijanunua kitambaa cha buluu.

Jumamosi ndiyo ilikuwa mbaya kuliko siku zote, kwa sababu Jumamosi Temeke nzima inafua. Ikifika saa za mchana mto ulikuwa unateremsha povu, linakuja linajikusanya kwenye mizizi ya mikoko na kubaki pale maji yakipwa. Kome hujishikiza kwenye mizizi hiyo kwa nyuzi anazozitoa mwilini mwake, nyuzi ngumu, zamani ukimvuta anakukata vidole. Mimi niliwabandua kwa kiganja, wengi kwa pamoja, bila kushindana nao.

"Kazi imekuwa rahisi siku hizi," aliniambia mmoja wa akina mama waliokuwa wakiokota kome kando yangu. "Na hiyo ndo inanitia wasiwasi, mwanangu. Kome haachiagi hivi."

Nikawaeleza akina mama wale kwamba maji yana uchafu. Niliporudi tena niliwakuta wamekaa kwa furaha wakiwasuuza kome kwenye ndoo ya sabuni ya unga kabla ya kuwachemsha. Nilipopiga kelele walinishangaa. Si mimi niliyesema ni wachafu? Nilikaa chini kwenye tope pale pale, nikawaza ni watu wangapi Mtoni watakula kome waliotakaswa kwa ushauri wangu.

Nilimpelekea Ofisa Mfawidhi, yaani mkubwa wa kituo, chupa yenye buluu ya kuiva. Alikuwa mtu mpole mwenye tumbo na kikohozi. Aliiangalia akaniuliza kiwanda gani kimetoa uchafu huo. Nikamwambia si kiwanda, ni nyumba.

"Nyumba zipi?"

"Zote, mzee."

Aliizungusha chupa mkononi. "Ingekuwa kiwanda ningekifunga kesho," alisema. "Sasa mama, niandike kwamba watu wa Temeke waache kufua? Na mie kwangu wanafua. Na wewe kwako, ukishamaliza hivyo vipimo vyako."

Nilichukua chupa yangu nikatoka. Adui mwenye geti na mlinzi unamjua. Huyu wetu alikuwa amekaa uani kwa kila mtu, amejiinamia kwenye beseni, anaimba.

Miaka ikapita, nikarudishwa Kinondoni nikiwa fundi sanifu mwandamizi. Mzee wetu wa koti lililopauka alikuwa amestaafu. Mahali pake palikuwa na Daktari kijana, si wa hospitali bali wa sayansi ya bahari, mtu msafi, mwepesi wa kutembea na kusema. Hakuwa mbaya. Tatizo lake lilikuwa kutaka kila kosa lipate mwenyewe kabla ya chakula cha mchana. Bi Zuhura alikuwa bado yupo, amezeeka, ananisubiri mlangoni na kanga yake kiunoni. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu.

Asubuhi moja baada ya mvua za masika niliinamia hadubini kuangalia kipimo cha jana. Nilianza na mabeseni ya maji ya mto. Yalikuwa mabaya kama nilivyotegemea. Nikamalizia na shahidi. Nilizungusha kioo nikidhani sijakilenga vizuri. Nikafuta jicho. Hakuna kilichozunguka. Palikuwa na vinofu bila gamba, vimelala chini ya beseni safi kabisa, ndani ya maji yanayong'aa.

Daktari aliangalia, akasimama wima. "Kuna mtu ameosha kwa sabuni," alisema, na hakuangalia upande mwingine ila mlango wa chumba cha vyombo.

Tulirudia kipimo, yeye mwenyewe akiwa amesimama nyuma ya Bi Zuhura wakati wa kuosha. Shahidi akafa tena. Akamnusa mikono mbele yetu, mwanamke aliyelingana na mama yake. Akamuuliza anafulia nini nyumbani, anaogea nini. Tulirudia tena, shahidi akafa tena, na Daktari akamsimamisha kazi mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi huo ungeisha vipi kila mtu alijua. Bi Zuhura angeondoka kwa uzembe, bila heshima wala pensheni, baada ya kuosha vyombo vile tangu ujana wake.

Nilimsindikiza mpaka getini. Hakulia. "Mama Neema," aliniambia, "mie wiki ya kipimo sijagusa sabuni tangu mwanangu wa kwanza yuko tumboni. Mashoga zangu harusini wanakaa mbali na mie, wanasema nanuka pwani. Leo ndo niwatilie sabuni? Nimelogwa?"

"Najua, dada."

"Kama unajua, kawaambie."

Lakini niliogopa kuwaambia, na si kwa kumwogopa Daktari. Nilichukua mabeseni mapya stoo, ambayo Bi Zuhura hakupata kuyagusa. Niliyaosha mwenyewe kwa asidi, nikayasuuza mpaka vidole vikakunjamana. Nikatia maji ya nyuma ya fungu. Asubuhi nikaangalia, na nikaona vile vile vinofu. Kipimo cha chumvi kilikuwa sawa, joto lilikuwa sawa, chaza wazazi walikuwa wazima. Kama Bi Zuhura angekuwa na kosa, mambo yalikuwa madogo: vyombo vinaoshwa upya, mtu anaondoka, mwingine anaajiriwa. Kama hana kosa, basi ni yale maji tuliyoyaita safi. Nikakaa kwenye kiti cha Bi Zuhura. Wote mle ndani, nadhani, tulikuwa tunaomba awe yeye.

Daktari aliingia akaniomba mikono. Nikampa, akanusa, akakosa alichokitafuta.

"Twende tukachote maji kwingine, Mkuu," nilimwambia. "Mbali. Tuyapime pamoja na haya ya hapa, na vyombo vyote aoshe Bi Zuhura."

"Unataka kumtetea rafiki yako."

"Nataka kukijua ninachokiogopa."

Alikubali. Nadhani na yeye alikuwa ameshaanza kulala vibaya. Kesho yake tulipakia mapipa kwenye gari la ofisi, tukavuka kwenda Kigamboni, tukaendelea kusini mpaka Kimbiji, ambako nyumba zilikuwa bado za kutafuta kwa macho. Tulichota mbali na ufukwe. Bi Zuhura aliitwa, akaja na kanga yake, akaosha vyombo vyote. Mabeseni yakawekwa mawili mawili, maji ya Kimbiji kushoto, ya Kunduchi kulia, mayai ya chaza wale wale.

Asubuhi tulisimama watatu mbele ya hadubini. Daktari alianza na la kushoto. Nilimwona mabega yanashuka. Akanipisha, nami nikawaona: herufi D ndogo ndogo zinazunguka, zimejaa uhai. Akasogeza la kulia. Humo mlikuwa na vinofu vile vile bila gamba, naye akaenda kwenye kabati la dawa. Alichukua mabaki ya mwisho ya ile dawa nzito, akatia maji ya Kunduchi na rangi kwenye chupa yenye bomba, akatikisa mwenyewe. Tulisubiri itulie. Haikuwa buluu ya kuiva kama ya Mtoni. Ilikuwa hafifu, kama shati la shule lililofuliwa mara nyingi. Lakini ilikuwa buluu, na maji yale tuliyachota nyuma ya fungu, ambako babu zake Bi Zuhura walikuwa wakienda kuvua.

Daktari alifanya jambo ambalo nampa heshima yake kwalo. Alimgeukia Bi Zuhura, akainamisha kichwa. "Mama, nimekukosea. Nisamehe. Kosa halikuwa lako."

Tulitazamia amshukuru Mungu. Bi Zuhura alivuta kiti akakaa, akaitazama ile chupa.

"Heri ingekuwa mie, baba," alisema. "Mie ungenifukuza, yakaisha."

Alistaafu mwaka uliofuata kwa sherehe na keki, na pensheni yake hakuikosa. Sisi tukaendelea kwenda Kimbiji. Baadaye nyumba zilifika Kimbiji pia, ikabidi tusogee mbele zaidi, kisha mbele tena, mpaka dereva akawa anauliza kwa utani kama tunakwenda kuchota maji Msumbiji. Mwishoni uongozi uliamua tuagize chumvi maalumu kutoka ng'ambo, inakuja kwenye ndoo zenye vifuniko, unaikoroga kwenye maji yaliyokenekwa ukapata bahari ya kutengeneza. Maabara yenyewe iko ufukweni. Dirishani unasikia mawimbi. Ndani tunakoroga bahari kwa mwiko. Vijana wanaoajiriwa sasa hawaoni ajabu, kwa sababu wamekuta hivyo. Kila nilipokoroga ilinijia ile asubuhi, na mkono ukawa mzito.

Nimestaafu, ninaishi Goba, juu ya kilima, kwenye nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo na marehemu mume wangu. Tulipohamia, bondeni palikuwa na kijito chenye kaa. Sasa kilima kizima kimejaa mabati. Kwenye barabara kuna wanaoosha magari, na kila mtaa una mtu anayepika sabuni ya maji na kuigawa kwenye chupa. Mvua kubwa ikianza nasikia watu wakitapisha makaro yao, yaani wanafungua maji machafu ya mashimo yaende na mafuriko, na kijito kinashuka kimevaa povu kuelekea kule kule nilikokuwa nikichota maji ya shahidi. Mara nyingine naota hadubini. Nazungusha kioo, nazungusha, hakuna kinachozunguka. Nikiamka naogopa kunawa uso.

Mkiniuliza kazi ilinifundisha nini, nitawaambia ilinifundisha kuogopa vitu vidogo, na sioni kama ni hasara. Ningependa tu niwe na cha kuwaambia baada ya hapo. Nimefikiria miaka yote tangu yule Ofisa Mfawidhi aniulize, na watu lazima wafue.

Jumamosi iliyopita Neema alikuja na watoto wake kunifulia mashuka, maana mgongo wangu siku hizi hautaki kuinama. Karo letu limejaa tangu mvua za juzi. Alipomaliza kusuuza alinipa beseni, povu limesimama juu yake.

"Mama, nisaidie kumwaga hayo."

Nililipokea, nikatoka nalo nyuma ya nyumba. Upande mmoja kuna mfereji unaoshuka bondeni. Upande mwingine kuna mchicha wangu, na baada ya mchicha kuna kisima cha jirani. Nilisimama pale na beseni mikononi.

"Mama," Neema aliita kutoka uani, "mbona umesimama?"

Nilikuwa bado natafuta pa kumwaga.